Wasomaji Wanauliza: Uzazi, Idadi ya Watu na Mfuko wa Nyumba

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na Pangani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: uzazi unaingiaje kwenye kipato. Tumechagua nne.

WATU WENGI SI NDIO WATEJA WENGI?

Nauza samaki wa kukaanga pale soko la Deep Sea. Kila mwaka wateja wanaongezeka, nami namshukuru Mungu. Sasa nyie wataalamu mbona kila siku mnalalamika kwamba tunazaa mno? Mji wenye watu ndio wenye biashara. – S.M., Chumbageni

Bwana S.M., nusu ya maneno yako ni kweli. Mwenye pesa mkononi ni soko. Mtoto wake wa miaka minne anakula samaki wako, lakini haongezi hata shilingi kwenye meza yako. Anapunguza ya baba yake. Kwa hiyo idadi peke yake haisemi kitu. La kuangalia ni wangapi wanafanya kazi, wangapi wanawategemea, na kasi ya ongezeko ikoje.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 nchini. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukitaka kujua watu wataongezeka maradufu baada ya muda gani, gawanya 70 kwa kasi hiyo: unapata miaka 22 hivi. Mkoa wetu wa Tanga unakwenda taratibu kidogo, kutoka 2,045,205 hadi 2,615,597, kama asilimia 2.5, yaani miaka 28.

Sasa lete uchumi. Mwaka 2023 pato la taifa lilikua kwa asilimia 5.1. Toa 3.2 ya watu, kila mtu anabakiwa na 1.9. Kwa mwendo huo, pato la mtu mmoja linahitaji miaka 37 kufika maradufu. Watu wangekuwa wanaongezeka kwa asilimia 1.5, pangebaki 3.6, na safari hiyo ingechukua miaka 19 au 20. Uchumi ni uleule, ila wanaogawana wamepungua.

Lakini tusidanganyane: kuzaa wachache hakuleti hela kwenyewe. Korea Kusini mwaka 1960 mwanamke alizaa wastani wa watoto 6, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa chini ya 2. Walinufaika kwa sababu vijana waliokuwa wengi wakati ule walishasomeshwa na viwanda vya kuwapokea vilikuwepo. Bila shule na kazi, vijana wengi ni vijiwe vingi tu. Na Wakorea wenyewe leo wana balaa la upande wa pili: mwaka 2023 wastani ulishuka hadi 0.72, wazee wanaongezeka na wa kuwalea hawaonekani. Sisi bado tuko mbali na huko. Wastani wetu ulikuwa 6.2 mwaka 1991/92 na 4.8 mwaka 2022.

MTOTO ANA MIEZI MITANO, HEDHI HAIJARUDI

Shikamooni. Mimi ni mama lishe Makorora, nakaanga vitumbua asubuhi na mchana napika wali. Mtoto wangu wa pili ana miezi mitano. Namnyonyesha, na uji nilimwanzishia wa miezi minne ili niweze kumwacha kwa bibi yake. Hedhi haijarudi, kwa hiyo najua siwezi kushika mimba. Nataka nikae kama miaka mitatu kabla ya mwingine. Majirani wanasema sindano ya uzazi wa mpango inaharibu kizazi, na mume wangu ameshikilia hilohilo. – Mama Z.

Marahaba, Mama Z. Tuanze na pale palipo na hatari, na hatari yenyewe ni ule uji.

Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila uji, maji wala maziwa mengine. Likivunjika moja, kinga imeondoka. Lako lilivunjika siku mtoto alipoonja uji, kwa sababu akishiba uji ananyonya mara chache, na kunyonya mara kwa mara ndiko kunakozuia yai lisipevuke. Na usisubiri hedhi ikupe taarifa. Yai hutoka kwanza, hedhi hufuata wiki mbili baadaye. Wapo wanaoshika mimba bila kuiona hata hedhi moja baada ya kujifungua, kisha wanashangaa tumbo linakua.

Wiki hii nenda kituo cha afya ukapime mkojo. Ikionekana hakuna mimba, unaweza kuanza sindano au vijiti siku hiyohiyo, mtumie kondomu kwa siku 7 za mwanzo, na urudie kipimo baada ya wiki 3 au 4, kwa kuwa mimba changa sana haionekani. Kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kisubiri mpaka mhudumu awe na uhakika kwamba huna mimba. Vyote hivyo vitatu havipunguzi maziwa kwa mama mwenye mtoto wa umri huo. Vidonge vyenye homoni mbili ndivyo vya kuacha mpaka mtoto atimize miezi sita.

Sindano inachomwa kila baada ya miezi mitatu. Ukichelewa wiki moja au mbili usikate tamaa ukakaa nyumbani. Bado unaweza kuchomwa hadi wiki nne baada ya tarehe. Kinachowaponza wengi ni kupoteza kadi na kuhesabu kwa kichwa. Tarehe iandike ukutani karibu na jiko.

Kuhusu kizazi: sindano haikiharibu, ila inachelewesha. Ukiiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi taratibu, wastani miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho. Hapo ndipo maneno ya mtaani yalipozaliwa: mtu anaacha mwezi wa kwanza, wa tatu haoni kitu, anasema kimeharibika. Wewe unayetaka miaka mitatu, vijiti vinakufaa zaidi. Vinawekwa chini ya ngozi ya mkono kwa ndani, juu ya kiwiko, vinakaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, na vikitolewa uzazi hurudi mapema. Kitanzi cha shaba hufika miaka 10. Tarajia hedhi kuvurugika, hasa miezi ya mwanzo: matone, kukosa, au kuzidi. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mwambie mhudumu, maana zinapunguza nguvu ya vijiti na vidonge.

Huduma hizi ni bure katika vituo vya serikali. Mhudumu hatakiwi kukudai ridhaa ya mume, ingawa ushauri wetu ni mwende wote wawili, baba aulize mwenyewe.

Upande wa mfuko: inashauriwa mama akae angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, watoto wapishane karibu miaka mitatu. Mtaji wa mama lishe hauliwi na hasara, unaliwa na siku asizouza. Mimba mbili zilizofuatana maana yake kichefuchefu mbele ya mafuta ya moto, kujifungua, kulea, kisha unaanza tena kukopa unga, na wateja wa asubuhi wameshahamia meza ya jirani.

MADAWATI YA MIAKA MITANO IJAYO

Kila Januari darasa la kwanza linafurika na sisi kijijini tunaanza kuchangishana. Kuna njia ya kujua mapema? – Mtendaji wa kijiji, Pangani

Ipo, na iko zahanati. Bwana Mtendaji, muombe mganga mfawidhi jumla kutoka daftari za MTUHA, yaani zile za kumbukumbu za huduma za afya: watoto wangapi walipata chanjo ya surua ya miezi 9 mwaka jana. Majina huyahitaji, jumla inatosha. Hao ndio darasa lenu la kwanza baada ya miaka mitano hivi.

Tuseme ni 120, nusu wasichana. Kwa wanafunzi 45 kila chumba, mnahitaji vyumba 3. Dawati la watu watatu: madawati 40. Choo, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25: matundu 3 na 3. Ukiwa na tarakimu hizo miaka mitano kabla, unaziingiza kwenye bajeti ya halmashauri badala ya kupita nyumba kwa nyumba na daftari la michango.

Zinapoharibika hesabu ni hapa: wazazi wa kijiji jirani wanaoleta watoto kwenu kwa sababu zahanati iko karibu, chanjo ya mkoba (ile wahudumu wanayoifuata kijijini) inayoandikwa kituo kingine, na wahamiaji wa msimu wa uvuvi. Kwa hiyo linganisha na daftari la wakazi kila mwaka. Na mkiona idadi ya surua inapanda mwaka hadi mwaka huku dawa za uzazi wa mpango zikiisha zahanati kila mara, hayo mambo mawili yapelekeni kwenye kikao kimoja. Kwa utafiti wa taifa wa 2022, katika kila wanawake 100 walioolewa, 21 walitaka kupumzika au kuacha kuzaa na hawakuwa na njia yoyote.

MWANAMUME AKIFUNGA UZAZI

Nina watoto sita, yatosha. Nikifunga, naanza kuwa salama siku hiyohiyo? Na nguvu je? – Baba wa Pongwe

Siku hiyohiyo hapana. Mbegu zilizotangulia bado zimo njiani, kwa hiyo tumieni kondomu au njia ya mama kwa miezi 3, kisha upimwe manii pale kipimo kinapopatikana. Wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi na mimba na ugomvi nyumbani. Nguvu zinabaki vilevile, kwa sababu kinachokatwa ni mirija ya mbegu tu na korodani haziguswi. Pumzika siku mbili, usibebe mizigo mizito kwa siku chache, na uamue ukijua kwamba kurudisha ni kugumu.