Unataka kujenga Mwanza kwa mkopo? Tuongee kwanza

Mwangaluka wadau.

Watu wa Mwanza tunajipenda, hilo halina ubishi. Mtu akihamia Dar, wiki ya kwanza tu picha yake ya wasapu ni Jiwe la Bismarck, wakati alipokuwa huku alikuwa analipita kila siku akienda kupanda kivuko cha Kamanga na wala haligeukii. Pamba Jiji walivyopanda ligi kuu 2024, baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20, nimeona wazee wenye heshima zao wanalia hadharani pale mjini. Mi mwenyewe ni hivyohivyo, ukiisema vibaya Mwanza mbele yangu tutagombana.

Ila mapenzi hayo hayo ndo madalali wanayauza. Nimekaa kamati ya mikopo ya saccos yetu, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba, na nyumba ninayolala iko Buswelu, nimeijenga kwa kukopa na kudunduliza. Yani nimekuwa mkopaji, na nimekuwa pia yule mtu anayemwambia mkopaji hapana. Nilichokiona ni hiki: dalali anakuuzia sifa ya kilichopo jirani, benki inakukopesha kwa karatasi, na rejesho unalilipa kwa kipato chako cha kila mwezi. Vitu vitatu tofauti kabisa, na watu wengi wanavichanganya siku ya kwenda kuona kiwanja maana ziwa linang'aa na upepo unapuliza.

Tuanze na sifa. Mji wetu una vitu vya kutazama na vitu vinavyoleta watu. Bismarck unatazama. Saanane, hifadhi ya taifa iliyo pua na mdomo na katikati ya mji, nayo unaitazama, na unaweza kwenda na familia mara moja ukapiga picha na pundamilia. Capri Point ni pazuri sijakataa, ila mwenye hela ya Capri Point hasomi ushauri wangu. Sasa angalia Bugando. Ile hospitali ni ya rufaa ya kanda, watu wanatoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga huko, mgonjwa mmoja anakuja na ndugu wawili na hao ndugu lazima walale mahali, wale, wafue. Angalia SAUT kule Malimbe, wanafunzi wanataka chumba chenye umeme na maji, hawana shida na ziwa. Stendi ya Nyegezi, stendi ya Nyamhongolo, Mwaloni. Ukioneshwa kiwanja "karibu na" kitu fulani we muulize tu dalali, hicho kitu kinaleta watu saa ngapi na wanashukia wapi. Akianza kukueleza habari za machweo ya jua, ondoka.

Na sifa inaweza kukuhama. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, jamani ni zuri, sina la kusema, siku ya kwanza nimepita nimeshusha kioo kama mtoto. Zamani ulikuwa unafika Kigongo unapanga foleni ya kivuko, unaweza kukaa masaa, unakula mahindi, unakunywa soda, unanunua samaki wa kukaanga, na watu wamesomesha watoto kwa foleni ile. Sasa gari linapita dakika chache halisimami. Kwa hiyo yule anayekwambia "nunua Kigongo, daraja limeshakuja, bei itapaa" anaweza kuwa sahihi kwa Usagara, maana pale barabara zinakutana na magari yanapunguza mwendo, lakini pembeni ya daraja lenyewe faida inakwenda kwa anayevuka. Anayeuza mahindi alikuwa anaishi na wanaosubiri. Mi ningenunua pale gari linaposimama.

Viwanja vya ufukweni sichukui muda mrefu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye maji ya ziwa hakuna shughuli ya kudumu ya kibinadamu. Sitini. Chukua futi kamba upime mwenyewe, usipimiwe kwa hatua za dalali, halafu kumbuka kwamba ziwa linapanda, mwaka 2020 lilipanda mpaka watu wa mialoni wakahamisha vibanda. Ukiambiwa "mbona huyu jirani amejenga", jirani siku yake haijafika.

Mlimani sasa, hapa ndo nataka tukae kidogo maana kila mtu anazipiga picha zile nyumba za Igogo na Mabatini zilivyokalia miamba, na zinavutia kweli, ila wachache wanajua zinavyojengwa. Kiwanja cha mlimani bei yake ni ndogo, ndo maana watu wa kipato chetu tunakimbilia huko. Msingi unaweza ukawa nafuu pia, mawe yapo, unakuta jiwe limeshakaa lenyewe fundi anamwaga jamvi juu. Raha inaishia hapo. Fuso la mchanga haliwezi kupanda. Linamwaga chini barabarani, kuanzia pale unalipa vijana kwa ndoo au kwa kiroba, tofali wanalipwa kwa tofali, saruji kwa mfuko, maji ya kujengea nayo kwa ndoo. Kila kitu unakinunua mara mbili, mara ya kwanza dukani na mara ya pili kwenye ngazi. Usipoweka hiyo mara ya pili kwenye hesabu, mkopo unaishia kwenye lenta.

Alafu choo. Kaka mmoja alikuja kwetu na makadirio ya fundi, karatasi safi kabisa, nondo, bati, mbao, kila kitu kipo, nikamuuliza shimo la choo liko wapi humu, akacheka akasema hilo ni la vijana wawili siku mbili. Kiwanja chake nakijua, kimekaa juu ya mwamba. Huko kuchimba shimo maana yake unachoma moto juu ya jiwe linapata joto, linapasuka, unapiga nyundo, unatoa vipande, unachoma tena, na vijana wanakulipisha kwa futi wala sio kwa siku. Tukamrudisha kwa fundi akaandike upya na ile bei ilivyorudi hata yeye alinyamaza. Baadhi ya mitaa ya milimani imeshaunganishwa na mabomba ya majitaka ya mamlaka ya maji, yale mabomba madogo yanayopita katikati ya nyumba, kwa hiyo kabla ya kulipa kiwanja nenda kaulize kama bomba linapita jirani. Hilo bomba kwangu mi linazidi ziwa kwa thamani.

Karatasi. Kiwanja chenye hati miliki ndo kinachoeleweka benki, na hati ya kiwanja cha kuishi inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Barua ya toleo, yani ile ya kukugawia kiwanja kabla hati haijatoka, ni hatua nzuri ila ni hatua. Leseni ya makazi inakupa haki ya muda mfupi, zipo taasisi zinaikubali kwa mkopo mdogo. Mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mmeuziana, basi, benki haiwezi kuuchukua ikakupa milioni 40. Mtaa wenu ukiingia kwenye urasimishaji, yani viwanja vilivyojengwa bila kupimwa vinapimwa ili vipate hati, changa hela ya upimaji mapema, usiwe yule anayesema nasubiri nione, maana mpimaji akishaondoka kumrudisha ni gharama yako peke yako. Na kabla hujanunua chenye hati nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue kama hakina rehani ya mtu mwingine.

Mkopo wenyewe. Mkopo wa nyumba wa benki upo Tanzania, sheria yake ilitungwa 2008 na 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili na zenyewe zikukopeshe kwa muda mrefu. Zipo zinazofika miaka 20. Tatizo ni riba na kwamba wanapenda mshahara unaopita kwao. Tufanye hesabu ya mfano: milioni 40, riba asilimia 16 kwa mwaka, miaka 10, unalipa kama laki 6 na 70 elfu kila mwezi na mpaka unamaliza umetoa karibu milioni 80. Ukiilipa kwa miaka 5 rejesho linakuwa kama laki 9 na 73 elfu ila jumla inashuka kwenye milioni 58 na kidogo. Tofauti ya milioni 22 ni nyumba ya vyumba viwili ya mtu. Kwa hiyo ukienda benki usiulize "rejesho ni shingapi" peke yake, uliza na jumla.

Walimu na manesi wengi ninaowajua hawagusi mkopo wa nyumba, wanachukua mkopo wa mshahara, wanapandisha boma, wanamaliza, wanachukua tena wanapaua. Inaenda. Kwa mtumishi theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, ila mwangalie huyo mwenye theluthi moja tarehe 12 ya mwezi, ndo anaangukia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Ukisikia mtu anajenga kwa kausha damu mwonee huruma, rejesho la kila wiki na nyumba inayochukua miaka havikai pamoja.

Sisi wa biashara tunarudi kwenye saccos na vikoba, na huku kwetu wala sio jambo jipya. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na muungano wao wa vyama vya ushirika tangu 1955, na Paul Bomani aliyeuongoza ndo baadaye akawa waziri wa fedha wa nchi. Kwa hiyo kukaa chini na kuchanga kupo kwenye damu. Saccos nyingi zinakupa mpaka mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo anza kuweka kabla hujaona kiwanja. Na uliza riba ni ya aina gani. Milioni 6 kwa mwaka mmoja, asilimia 2 kwa mwezi: ikiwa inapigwa kwenye mkopo wote mwanzo mpaka mwisho unalipa riba milioni 1 na laki 4 na 40 elfu, ikiwa inapigwa kwenye deni linalobaki na mtaji unaurudisha sawasawa kila mwezi, inakuwa laki 7 na 80 elfu. Asilimia ni ile ile.

Sasa kwa wenzangu wa ziwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti, mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa na mzigo unakuwa hamna. Mvua nazo zikinyesha mfululizo dagaa wanalala juu ya chanja hawakauki, wanageuka rangi, wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Mzigo wa Kongo unaweza ukapanda gari leo hela ikaja baadaye. Afisa mikopo aliyekaa ofisini hayajui hayo, anakupangia tarehe 5 ya kila mwezi, rejesho moja kubwa. Kuna mama alikaa mbele yetu mwenyekiti akamuuliza, "Mama, mwezi ukiwaka unalipa na nini?" Akajibu, "Mwezi ukiwaka silipi, nalala." Watu wakacheka ila mi nilimpenda hapohapo, maana alikuwa wa kwanza siku ile kusema ukweli. Aliomba milioni 10. Tulichukua daftari lake la mauzo, tukatafuta mwezi mbovu kuliko yote wa mwaka uliopita, tukapanga rejesho linaloingia kwenye mwezi huo, ikatoka milioni 4, na miezi ya neema alete ziada ipunguze deni. Alinuna kweli. Alichukua, akapandisha msingi na kuta kule Kisesa njia ya Bujora, akalipa akamaliza, akachukua nyingine ya bati. Sasa hivi amehamia, madirisha mawili bado ni mabati ila anaishi kwake.

Ukija kuomba, njoo na hilo daftari. Liwe la mwaka mzima, na miezi mibaya iwemo, tukiona kila mwezi una faida tunajua umeliandika jana usiku. Kama uko kwenye ndoa na unaweka nyumba mnayoishi rehani, mwenzio lazima aridhie kwa maandishi, sheria inataka hivyo, kwa hiyo mwambie nyumbani kabla, sio anaitwa anakuja kuyasikia kwetu, tumeshaona ndoa inataka kuvunjikia kwenye kiti cha plastiki. Wadhamini wako wajue kiasi kamili unachokopa. Na yale makadirio ya fundi, choo kiwemo.