Buibui juu, sweta mbili ndani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgeni aliyehamia mahali pa baridi ajikinge vipi, na afanyeje watu wakimkodolea macho? Wengi watawaandikia habari za Uingereza na Kanada. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, na baridi niliikuta humu humu Kenya, mjini Nyahururu, nilikopelekwa kufundisha.

Nyumbani walinicheka. "Si iko Ikweta hiyo?" Ndiyo, mstari wa Ikweta unapita karibu kabisa na mji, tena sisi wa Lamu ndio tulio mbali nao zaidi, nyuzi mbili za latitudo kusini. Lakini Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Piga hesabu mwenyewe. Sisi kusi likivuma, joto likashuka hadi nyuzi 24, tayari tunaulizana shuka ziko wapi.

Na msidhani shida ni Julai peke yake. Julai ni mawingu na manyunyu kutwa, nguo hazikauki, basi. Usiku unaouma hasa ni wa Januari, wakati huku kwetu watu wanatoka jasho la kaskazi. Mbingu huwa nyeupe pe, joto la ardhi linapanda zake bila wingu la kulizuia, na asubuhi utawasikia wakulima wa upande wa Nyandarua wakilalamika kuwa sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, imeunguza viazi.

Kwa mavazi, msimamo wangu ni huu: ndani vaa kama wenyeji, juu baki na lako. Buibui sikulivua. Chini yake kulikuwa na fulana ya kubana, sweta nyembamba, sweta nyingine ya sufu, suruali ya flana na soksi za kupandiana. Sweta mbili za wastani zinashinda moja nene, kwa sababu kinachokupasha joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na buibui pana likiwa juu upepo hauipati hewa ile. Mitumba ya huko si kama ya kwetu. Wauzaji wanawajua wateja wao. Usichague kwa rangi. Ingiza mkono ndani, geuza, upapase upande wa ndani: sufu halisi huwashawasha kidogo, na ndiyo maana fulana inatangulia. Boshori nililivaa chini ya mtandio, hakuna aliyejua.

Wudhu wa alfajiri ni somo peke yake. Maji ya tangi yanauma hadi kwenye mifupa ya vidole. Usiku nilijaza maji moto kwenye chupa ya chai, nikaamka nayo yakiwa bado yana joto la kutosha. Tena sharia ina wepesi wake: ukivaa khufu, zile soksi za ngozi, ukiwa na wudhu kamili, unaruhusiwa kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, mchana mmoja na usiku wake kwa aliye mkazi, siku tatu kwa msafiri. Madrasa nilisoma mlango huo nikidhani ni habari za watu wa zamani.

Jambo moja nitalisema kwa ukali. Jiko la makaa lisilale nawe chumbani. Kila msimu wa baridi nchini tunasikia watu waliofunga madirisha, wakaweka jiko karibu na kitanda, wasiamke. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kichwa kikianza kuuma au moyo kuchafuka ujue imeshaingia. Ota moto dirisha likiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hujalala. Kitandani chukua chupa ya maji moto, iweke miguuni.

Mambo mengine utayazoea. Maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharagwe yanakula makaa mpaka ukome. Nunua sufuria ya presha. Kupanda kilima utahema huku watoto wa shule wanakupita wakikimbia na mikoba mgongoni. Mafuta yangu ya nazi yaliganda chupani, meupe na magumu, nikawa nayachokoa kwa mpini wa kijiko, mwisho nikahamia mafuta ya mgando kama wenzangu.

Ama kukodolewa macho, ni kweli. Mimi ni Msomali? Ni Mwarabu? Nguo hiyo nyeusi haina joto? (Nilikuwa natamani iwe nalo.) Darasani niliitwa mwalimu wa Mombasa, maana kwao pwani yote ni Mombasa, nikaacha kubishana. Lakini sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza viazi aliyeniuliza kila kitu waziwazi mbele ya watu, nami nikamjibu kila kitu, hata kwa nini sili kutwa mwezi wa Ramadhani. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewajibu wengine. Nikipita nasikia anawaeleza, nusu sahihi, nusu kaongeza chumvi. Huyo huyo ndiye aliyenionyesha kibanda cha sufu nzuri, na jirani wa kuniuzia maziwa ya asubuhi. Mkimya anayekuchungulia kwa pembeni hana faida nawe, mtafute mdadisi.

Sasa binti wa mtaani kwetu amepangiwa kazi Ol Kalou, huko huko kwenye baridi ya Nyandarua. Nimemwambia asihangaike kununua koti Mombasa, maana ni ghali na ni jepesi. Achukue iliki, nazi za kutosha wiki za mwanzo na buibui la kitambaa kizito, na akifika aulize kwanza siku ya soko ni ipi.