Jibu: Kwa nini "She suggested me to rest" imekatwa

Ndugu, umeuliza kwa nini "She advised me to rest" imepata alama na "She suggested me to rest" imekatwa, ilhali zote zinaripoti ushauri uleule. Maana haina shida. Shida ni kinachoruhusiwa kufuata kitenzi. "Advise", kama "tell", "remind" na "warn", hutaja anayeambiwa, kisha huja "to". "Suggest" haifuatwi na mtu moja kwa moja. Andika "She suggested that I should rest" au "She suggested resting".

Wengi wetu tunanasa hapa kwa sababu Kiswahili mara nyingi humweka msikilizaji ndani ya kitenzi: alinishauri, alinieleza, alinipendekezea. Ndiyo maana "He explained me the problem" inasikika sawa masikioni mwetu, lakini sahihi ni "He explained the problem to me". "Say" nayo hivyohivyo: "He said to me", kamwe si "He said me".

"Deny" na "admit" hupenda umbo la -ing: "He denied taking the money". "Promise", "offer" na "refuse" huchukua "to": "She offered to help". Nakushauri sana usikariri kitenzi kikiwa peke yake. Kiandike daftarini ndani ya sentensi kamili.