Kabla hujanunua katriji wala fyuza, isome kwanza karatasi iliyoharibika

Mvua zikishashika hapa Mbeya, kuanzia mwezi wa 11 hivi mpaka wa 4, simu ninazopigiwa na watu wa stesheneri zinafanana. Fundi printa inavuta karatasi mbili mbili, fundi maandishi yanatoka hafifu, fundi nimeweka katriji mpya na bado inatoa vilevile. Na wengi wakinipigia wanakuwa wameshatoa hela, katriji imenunuliwa, mwingine ameshaambiwa fyuza, ile sehemu inayoyeyusha poda kwa joto ishike kwenye karatasi, imekufa abadilishe, na hela ya fyuza kwa duka dogo la kopi inaweza kuondoka na faida ya mwezi mzima. Hicho ndo kinachoniuma. Printa ya leza inasema ugonjwa wake yenyewe, ukishajua karatasi inapita wapi na poda inapita wapi, ukurasa mmoja tu ulioharibika unakutosha kujua pa kushika.

Tuanze na poda maana hapo ndo wengi wanapapita haraka. Tona, yaani hiyo poda ya kwenye katriji, sio wino. Ni unga laini sana wa plastiki, una kaboni ya kuupa weusi na nta kidogo, na kwenye printa nyingi ndogo za nyeusi na nyeupe za HP na Canon unachanganywa na oksidi ya chuma ili sumaku iliyomo ndani ya rola ya katriji iweze kuushika. Brother wao poda yao haitumii sumaku. Ndo maana nakataa kabisa hii tabia ya kujaza poda yoyote iliyopo dukani kwa sababu ni nyeusi, poda isiyo na chuma ukiiweka kwenye katriji ya sumaku rola haiishiki inavyotakiwa, inamwagika ndani, unachafua mashine nzima alafu unasema printa mbovu.

Sasa kazi yote ya kuhamisha hiyo poda inafanywa na umeme tuli, ule ule unaousikia ukivua sweta usiku wa mwezi wa 7 Njombe linalia pwa pwa. Kuna dramu, ile silinda ya kijani au bluu inayong'aa ndani ya katriji. Rola ya chaji inaipa dramu chaji hasi, kama volti 600 hivi, alafu mwanga wa leza unapigwa kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi na kuifagia dramu mstari kwa mstari, na kila palipoguswa na mwanga ile chaji inashuka mpaka kama volti 100. Poda nayo ina chaji hasi, kwahiyo penye chaji kubwa inasukumwa na pale paliposhuka ndo inakaa. Hapo herufi zako zimeshachorwa kwenye dramu. Karatasi inakuja inapita katikati ya dramu na rola nyeusi ya sponji iliyo chini yake, hii rola inaweka chaji chanya mgongoni mwa karatasi na kuivuta poda itoke kwenye dramu ikae kwenye karatasi. Mpaka hapo haijashika, ukipuliza inatoka. Ndo inaingia kwenye fyuza, joto la nyuzi 180 mpaka 200 hivi na mgandamizo, ile plastiki inayeyuka inazama kwenye nyuzi za karatasi. Poda kidogo iliyobaki kwenye dramu inakwanguliwa na bleidi ya mpira na kuangukia kwenye chumba cha takataka, alafu mzunguko unaanza upya.

Haya mambo sio mapya. Tarehe 22 Oktoba 1938 kule Astoria, New York, Chester Carlson alisugua kitambaa kwenye bati lililopakwa salfa kulipa chaji, akalimulika kupitia kioo chenye maandishi, akanyunyizia unga, akakandamiza karatasi ya nta juu yake na kuipasha moto. Chaji, mwanga, unga, karatasi, moto. Gary Starkweather wa Xerox baadae ndo akaingiza leza kwenye mashine ya kopi, lakini hatua ni zile zile, na kila hatua ina ugonjwa wake.

Angalia ile hatua ya rola ya sponji. Inategemea karatasi iweze kubaki na chaji mgongoni. Karatasi ikiwa na unyevu inapitisha umeme, chaji inavuja kabla haijavuta poda, poda inabaki kwenye dramu na wewe unapata maandishi hafifu, mengine yana mabaka kama yamekwanguliwa. Alafu karatasi hiyo hiyo ikifika kwenye fyuza maji yanageuka mvuke, inajikunja, inapata makunyanzi, inakwama njia ya kutokea. Kwahiyo unyevu mmoja unakupa magonjwa matatu na ukimwita fundi asiye na subira atakubadilishia vitu vitatu.

Nilikuwa duka moja la kopi Iyunga, jirani na chuo kikuu cha MUST, kipindi wanafunzi wanaprinti ripoti za fildi na foleni imefika nje. Dada mwenye duka ananiambia kaka nimeambiwa ni fyuza, we niangalizie tu bei. Nikamwambia dada ngoja kwanza, tuma ukurasa mmoja. Karatasi ilipofika katikati nikafungua mlango wa mbele, mashine ikasimama, nikatoa katriji taratibu nikainua kile kifuniko cha dramu. Herufi kwenye dramu zilikuwa nyeusi safi kabisa, unazisoma. Kwenye karatasi zile zile herufi hafifu, na hiyo karatasi ilikuwa bado haijaigusa fyuza. Na kile kipande cha dramu ambacho kimeshapita juu ya karatasi, ambacho kilitakiwa kiwe karibu kisafi, herufi bado zimeganda. Maana yake katriji inachora vizuri, fyuza haijafikiwa, shida ipo kwenye kuhama. Nikageuka kuangalia rimu, imefunguliwa, imekaa chini kwenye saruji nyuma ya mlango, na nje mvua. Tukafungua rimu nyingine iliyokuwa juu kwenye shelfu bado ina karatasi lake la nje, tukaweka, ikatoka nyeusi tii. Hatukununua kitu.

Hicho kipimo cha kuisimamisha printa katikati jifunzeni wote, hata kama sio fundi. Dramu ina herufi nzuri na karatasi hafifu, ni karatasi au rola ya sponji. Dramu yenyewe hafifu, ni katriji, au kioo cha leza kina vumbi. Karatasi ina herufi nzuri kabla ya fyuza lakini ikitoka unafuta kwa kidole inafutika, hapo sasa ndo tuongee fyuza. Na hata hapo usikimbilie, asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu chumba kinakuwa baridi sana na karatasi yenyewe ya baridi, kurasa za kwanza zinaweza kutoka hazijashika vizuri. Nenda kwenye mipangilio ya printa kwenye kompyuta, sehemu ya aina ya karatasi, chagua nzito, fyuza itaongeza joto. Kinyume chake karatasi nyepesi inayojikunja sana chagua nyepesi, joto linapungua. Watu wanafanya kazi na printa miaka na hiyo sehemu hawajawahi kuigusa, na ni bure.

Kitu kingine cha bure ni rula. Ukiona doa linajirudia chini ya ukurasa, pima kutoka doa moja mpaka lingine. Dramu ya katriji nyingi ndogo, zile za HP za aina ya 12A na 85A, ina kipenyo cha milimita 24, kwahiyo mzunguko wake ni kama milimita 75. Doa likijirudia kila milimita 75 kwenye printa ya namna hiyo ni dramu imechubuka au ina kitu kimegandia, umbali ukiwa mwingine ni rola nyingine. Mstari mweusi wa kushuka ukurasa mzima mara nyingi ni dramu imechanika au bleidi imeliwa. Mstari mweupe wa kushuka, toa katriji itikise kwa kulala kulia kushoto, ukibaki pale pale angalia kioo cha leza. Ukurasa mzima mweusi, rola ya chaji haigusi au haipati umeme. Nyuma ya karatasi kuchafu, rola ya sponji imemwagikiwa poda, na hiyo rola naomba sana msiishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanaacha alama, na msiifute kwa spiriti wala maji, brashi laini kavu inatosha au printi karatasi tupu kadhaa itajisafisha.

Sasa upande wa kuvuta karatasi. Pale kwenye trei kuna mpira unaozunguka, unaikamata karatasi ya juu na kuisukuma, na chini yake kuna pedi ya kutenganisha inayozuia ya pili isifuate. Ni mashindano ya msuguano tu, mpira lazima ushike kuliko pedi, na pedi lazima ishike kuliko karatasi kwa karatasi. Mpira ukikauka ukawa unang'aa, au ukijaa vumbi la karatasi na lile vumbi letu la kiangazi, unateleza, karatasi haiji na printa inasema imekwama wakati hakuna kilichokwama. Pedi ikiisha zinakuja mbili mbili. Futa mpira kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye maji kidogo, uache ukauke, mara nyingi inatosha kabisa. Kuna mafundi wanapiga msasa, inasaidia siku chache lakini unaumaliza mpira, fanya hivyo ukiwa unasubiri spea ifike tu. Mpira na pedi ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na chochote kingine ndani ya hiyo mashine, badilisha vyote viwili kwa pamoja, maana mpira mpya na pedi iliyokwisha watakusumbua tena.

Karatasi ikikwama kweli, angalia imekwamia wapi kabla hujaivuta. Ikiwa bado kwenye trei ni mpira. Ikiwa chini ya katriji angalia vile vijiti vidogo vya plastiki vinavyoguswa na karatasi, ndo vinaiambia mashine karatasi imefika, kimoja kikivunjika au kikishikwa na kipande cha karatasi printa itaona kuna karatasi muda wote. Ikiwa kwenye fyuza, zima, subiri nusu saa ipoe, alafu vuta kwa mikono miwili kufuata njia inakoelekea. Usichokonoe na kisu wala bisibisi jamani, ile filamu ya fyuza ni nyembamba ukiikwangua ndo umeiua wewe sasa. Na pini za stepla, karatasi za stika zilizobanduliwa nusu, karatasi ya wino uliolowa, visiingie humo.

Karatasi zenyewe ziwekwe juu, mbali na ukuta na sakafu, fungua rimu unayotumia siku hiyo tu na jioni rudisha zilizobaki kwenye mfuko wa plastiki uufunge. Huku Tukuyu na Rungwe ambako mvua hailali ningesema hata zilizomo kwenye trei zitolewe usiku. Kabla ya kuweka pepea rimu zipate hewa zisishikane, na angalia mshale kwenye karatasi la nje la rimu unaoonesha upande wa kuanza kuprinti.

Kwenye kujaza tona, chumba cha takataka kimwagwe kila unapojaza. Wengi wanamimina poda mpya tu, takataka zinajaa, zinafurika kwenye dramu na ukurasa unaanza kuwa wa kijivu. Dramu usiiache kwenye mwanga wa jua, ifunike kwa kitambaa cheusi wakati unafanya kazi. Vaa barakoa. Poda ikimwagikia nguo kung'uta alafu fua kwa maji baridi, ya moto yanaiyeyusha na hapo haitoki tena. Na vakyumu ya kawaida ya nyumbani usiitumie, poda ni laini kuliko chujio lake, inapita inatoka upande wa pili hewani.

Umeme nao. Fyuza ikianza kupasha inavuta umeme ambao watu wengi hawaamini, mamia ya wati kwa mara moja, ndo maana taa inanyweaga kidogo. Kwahiyo printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, utaiua UPS. Weka kigadi kile cha kuchelewesha umeme ukirudi, au stebilaiza yenye uwezo wa kutosha, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla ndo bodi zinaungua.

Na kwa wale mnaonunua printa zilizotumika Dar mnazipakia basi mpaka Mbeya au Makete, toeni katriji muifunge peke yake isimwagike njiani, na printa ikifika usiku kwenye baridi kisha ukaiingiza chumba chenye joto usiiwashe hapo hapo. Vioo vya ndani vya leza vinashika ukungu wa maji na itatoa kurasa hafifu utadhani umeuziwa mbovu. Iache mpaka kesho yake asubuhi, ndo uwashe.