Mdogo wangu unayetaka kuishi kwa saksafoni hapa Dar

Haipiti mwezi bila kijana kunipigia simu na swali lile lile: kaka, jazz inalipa? Baada ya miaka 14 ya kupuliza saksafoni Dar es Salaam, jibu langu ni kwamba inalipa, ila anayelipa mara nyingi hakuja kusikiliza jazz. Amekuja kuoa, au yuko hotelini Masaki anakula na mkewe, au kampuni yake inafunga mwaka. Likubali hilo mapema. Mimi lilinichelewesha sana.

Nilijifunza kwenye matarumbeta Temeke, nyuma ya pikapu, tukimsindikiza bibi harusi ukumbini. Nilipoanza kusikiliza jazz ya Wamarekani nikaona aibu ya matarumbeta, nikayaacha. Miezi minane nilikaa kwa dada nikifanya mazoezi kutwa, sina hata shilingi, ridi, kile kijiti cha kupulizia saksafoni, ananinunulia shemeji. Aliyenirudisha kazini ni mzee mmoja mpiga tarumbeta wa bendi za zamani. Aliniuliza kama najua Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za nini. Za kuchezesha watu, akajijibu mwenyewe. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mshahara huo wewe huna, mzee akaniambia, kwa hiyo usiwanunie wanaotaka kucheza.

Nikajifunza nyimbo 40: dansi la zamani, rumba, injili, na taarabu kidogo. Nazipiga jinsi wenyewe wanavyozijua. Ikifika zamu yangu katikati ya wimbo, hapo napuliza jazz, na sijawahi kuona mtu akiondoka uwanjani kwa sababu hiyo. Jifunze nyimbo hizo kwa heshima ile ile unayowapa Wamarekani. Wanaocheza wanasikia ukizipiga kwa kudharau.

Sasa hela, maana hapa ndipo vijana wanapoumia. Harusi ina kamati na kamati ina mhasibu, na ikifika saa 6 usiku mhasibu huyo ameshalipa chakula, mapambo, ukumbi na MC, kilichobaki ni ahadi. Kuna harusi nilidai 450,000 za bendi nzima, nikaambiwa njoo kesho, na kesho yake simu haikupokelewa tena. Wenzangu wanne walinisubiri mimi, kwa sababu kazi niliichukua mimi. Nililipa nauli zao mfukoni kwangu.

Tangu siku hiyo nusu inaingia kwenye simu siku ya kukubaliana, iliyobaki kabla hatujapanda jukwaani. Na kila kitu nakiandika kwenye ujumbe, hata kwa rafiki: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, mapumziko mangapi, nani analeta vyombo, chakula kipo au hakipo. Atakayekasirika kwa ujumbe huo angekusumbua kwenye malipo pia.

Weka akiba ya miezi mikavu. Ramadhani hoteli nyingi hupunguza muziki, na Kwaresima harusi za Wakristo husimama. Mwaka 2025 vipindi hivyo vilianza kwa kupishana siku chache tu, mwanzoni mwa Machi, na nilimaliza wiki sita kwa wanafunzi wawili niliokuwa nawafundisha nyumbani kwao Mikocheni. Bila wao kodi ya nyumba ingenishinda. Tafuta wanafunzi wako sasa, kazi zikiwa bado zipo.

Ala iwe yako. Bendi nyingi vyombo ni vya mwenye bendi, siku mkigombana unatoka mikono mitupu. Na hewa yetu ya pwani huozesha ngozi za vifuniko vya matundu ya saksafoni, kwa hiyo ikaushe kila usiku hata ukiwa umechoka. Ukitunga nyimbo zako, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukazisajili.

Halafu tenga siku moja ya muziki usio na mteja. Sisi ni Jumanne, uani kwa mpiga besi wetu Kinondoni, kuanzia saa 1 jioni. Hakuna anayelipwa. Tunapiga wimbo mmoja hata nusu saa, tunaukosea, tunaurudia. Umeme ukikatika besi inanyamaza, ngoma na saksafoni zinaendelea gizani mpaka majirani watakapotaka kulala.