Maswali yenu: daktari wa mbwa na paka anayekuja mpaka nyumbani

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Njiro, nna mbwa watatu wakubwa wa ulinzi na kuwapeleka kliniki ni shughuli kwelikweli, daladala hawapakii mbwa, bajaji wakimuona tu yule dume wanaondoka. Jirani akatuletea kijana wa kuwachoma chanjo ya kichaa hapahapa nyumbani, chanjo kaitoa mfuko wa koti, kachoma wote watatu kwa sindano moja, kachukua hela kaondoka na kadi hajaandika. Hiyo chanjo ni halali kweli? Na hawa wanaokuja nyumbani ntamjuaje aliye daktari? — Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Nianze na chanjo maana ndo imenishtua. Chanjo ya kichaa inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 muda wote hadi inaingia mwilini mwa mbwa, ikipata joto inaweza kuharibika na kwa macho hujui kitu, kichupa kinaonekana vilevile. Sasa hiyo iliyosafiri mfukoni juu ya pikipiki juani mi siihesabu na wewe usiihesabu, wachanjwe upya, kurudia hakuwadhuru. Na sindano moja kwa mbwa watatu haikubaliki kabisa, yani mmoja akiwa na vijidudu vya homa ya kupe kwenye damu umeshawagawia na wenzake.

Naongea kwa ukali sababu kichaa kikishaonyesha dalili, awe mbwa awe mtu, ni kifo, na karibu watu wote wanaokipata duniani wanakipata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 kati ya kila 100 kwenye eneo wakichanjwa ugonjwa unakosa njia, kwa hiyo mbwa wako watatu wanahesabika kwenye usalama wa watoto wa mtaa mzima. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona mbwa atafanya nini.

Kumjua daktari sio ngumu. Tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari ndo linasajili wanaotibu wanyama, kuna daktari mwenye digrii, wengi wamesoma pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro miaka 5, na kuna wasaidizi wenye diploma au cheti, mfano wanaotoka chuo cha mifugo cha LITA hapo Tengeru. Kila mmoja ana mipaka yake. Bwana mifugo wa kata yenu ni mtu wa maana sana na mbwa anamchanja vizuri tu, ila kumfungua mbwa tumbo sio kazi yake na akikubali kufanya hivyo hapo uani kwako mkatalie. Muulize mtu namba yake ya usajili kabla hajaja, aliyesajiliwa hachukii. Akifika utamuona na koola boksi lenye barafu, kila mbwa na sindano yake mpya, anapima joto na kusikiliza kifua kabla ya kuchoma, mwisho anaandika kadi, tarehe ya leo na ya kurudia, na anabandika kile kikaratasi cha kwenye kichupa chenye namba ya toleo. Hela mpatane kwenye simu, nauli na dawa vitajwe mbalimbali. Mkijikusanya na majirani nauli mnagawana.

Na mama nikwambie, mi huduma ya nyumbani naipenda na sio kwa sababu ya usafiri tu. Kliniki namuona mbwa, nyumbani naona maisha yake. Unakuta mtu analalamika mbwa anaogeshwa dawa kila mara na kupe hawaishi, ukienda kwake unakuta kupe wamejaa kwenye nyufa za ukuta wa banda, maana kupe wa mbwa anampanda mbwa, akishiba damu anashuka anaenda kutagia ukutani, sasa utaogesha mpaka lini kama banda halijazibwa nyufa na kupigwa dawa? Hilo kliniki silioni. Naona na maji anayokunywa, mnyororo ulivyomkata shingo, mifupa ya kuku aliyotupiwa. Mbwa mzee wa miaka 12 mwenye viungo vibovu kumbeba kwenye gari ni kumtesa, huyo afuatwe alipo.

Siku hiyo mbwa wafungwe kabla daktari hajagonga geti, na awafunge yule anayewalisha kila siku, sio mgeni.

SWALI: Dokta mambo, niko Rau, vitoto vyangu viwili vya mbwa vina miezi miwili vinatapika na kuharisha damu inanuka sana, kimoja hakinyanyuki. Naweza kuita mtu aje avitundikie dripu nyumbani? — Kijana wa Rau, Moshi

JIBU: Mpigie daktari simu sasa hivi, ukimaliza ndo usome. Inaelekea ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa vitoto vya mbwa, na kinachoua haraka ni kuishiwa maji. Dripu nyumbani inawezekana kwa yule anayesimama bado kama daktari anaweza kurudi asubuhi na jioni na kuna mtu wa kukaa naye, ila huyo asiyenyanyuka anahitaji kliniki, muda wote awe chini ya uangalizi. Kwenye simu mtajie kabisa kwamba unahisi parvo, ili kwako aje mwisho wa mzunguko wake asiwapelekee wengine kwa viatu, na ukienda kliniki subiri nje mpaka uitwe. Usiwape maziwa wala vidonge vya watu. Sakafu pigia Jik, sehemu 1 kwa 30 za maji, baada ya kuosha uchafu kwanza, na usilete kitoto kingine kisichochanjwa kwenye uwanja huo maana kirusi kinaweza kukaa kwenye udongo wa kivulini hata mwaka. Watakaokuja waanze chanjo wiki ya 6 mpaka 8, warudie kila wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Moja tu haitoshi na hapo ndo wengi wanaliwa.

SWALI: Paka wangu anachechemea tangu juzi, hashikiki, nimponde Panadol kidogo kwenye samaki wakati namsubiri daktari? — Dada wa Sakina, Arusha

JIBU: Hapana dada, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake, anajilamba yote. Kuchechemea mara nyingi ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake, hilo daktari analikamua na kulisafisha nyumbani vizuri tu. Ukimuita daktari, asubuhi mapema mfungie paka chumba kidogo kisicho na kitanda cha kujificha chini yake, dirisha lifungwe, na uwe na kikapu chenye mfuniko karibu, maana mguu ukiwa umevunjika itabidi aende kupigwa eksirei siku hiyohiyo.