Jozi tatu za valvu za pawa kwenye Fender Hot Rod Deluxe: nilichosikia, na nilichochoma

Mkuu umeuliza mambo mawili kwa mpigo, kwanza kwenye amplifaya yako ya gitaa, hiyo Hot Rod Deluxe, valvu ya pawa ya kulia (moja ya zile chupa mbili za kioo zinazokuza mlio) inakuwa nyekundu ukishawasha dakika kumi hivi, pili ununue valvu za brandi gani, JJ, Electro-Harmonix au Tung-Sol, na kuna mdau hapo juu kashakwambia tupa hizo 6L6 zilizomo weka aina nyingine, EL34, upate ukali wa amplifaya za Marshall. Naanza na huo wekundu maana ndo unaokula hela, ya sauti tutafika tu.

Nyekundu ipi kwanza? Ule mwanga wa rangi ya chungwa katikati, kama kaa linaloelekea kuzima, huo ni wa hita, waya unaoipasha valvu moto, hauna neno, usipouona ndo uanze kuogopa. Ubuluu kidogo kwenye kioo nao achana nao. Kesi ni pale lile bati la kijivu linalofunika kila kitu ndani, yani pleti, linapoanza kuiva kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hapo zima. Usimalizie wimbo. Mimi nilimalizia wimbo, ilikuwa harusi huko Mbezi, maharusi ndo wanaingia na ukumbi mzima umesimama, nikageuka nyuma nikaona wekundu nikajisemea ngoja waketi kwanza. Hawakuketi. Fyuzi ikakata, na kesho yake nilipofungua nikakuta rizista ya skrini, kipande cha omu 470 kinachobana umeme unaoingia kwenye valvu, imekuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti. Sherehe iliyobaki nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mixa, solo inalia kama mbu kwenye chupa.

Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote fanya hivi, zima, subiri zipoe kabisa (nina alama kidoleni), halafu ya kulia ipeleke kushoto na ya kushoto kulia, washa ukae hapohapo unaziangalia, usiende kuchukua chai. Wekundu ukihama na valvu basi valvu ndo imekufa. Wekundu ukibaki kulekule kulia ujue ugonjwa uko kwenye amplifaya yenyewe, soketi imelegea, au kapasita inayoleta mlio kwenye gridi (waya ndani ya valvu unaoongoza mkondo) inavujisha volti, au bayasi (mpangilio wa kuibana valvu, nitaeleza chini) haifiki upande ule, na ukiweka jozi mpya hapo unaichoma na yenyewe. Angalia pia ule mng'ao wa fedha juu ndani ya kioo, ukiona umegeuka mweupe kama chokaa basi hewa imeingia, hiyo tupa.

Haya, EL34. Mdau simkatalii kwamba EL34 ni tamu, ila haziingii tu kwa sababu matundu yanafanana. Hita ya EL34 moja inakula ampia 1.5, ya 6L6GC inakula 0.9, kwa mbili unatoka ampia 1.8 unaenda 3, na transfoma yako haikuombwa ruhusa. Halafu kuna mguu namba 1, kwenye 6L6 za kioo huo mguu hauna kazi, ndo maana Fender nyingi za zamani waliutumia kama kituo tu cha kushikiza rizista ya gridi, lakini kwenye EL34 mguu huohuo ni gridi ya tatu na inatakiwa iungwe na mguu namba 8. Ukichomeka kienyeji unapeleka mlio wa gitaa mahali ambapo hautakiwi kufika. Mtu akitaka EL34 anunue amplifaya ya EL34, basi.

Sasa majina. Watu wanabishana hizi brandi kama Simba na Yanga, wakati viwanda vyenyewe vinahesabika kwa vidole. JJ wanatengeneza wenyewe Slovakia, mji unaitwa Čadca. Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol za sasa na hata Mullard za sasa zinatoka kiwanda kimoja huko Saratov, Urusi, mali ya kampuni ya Mike Matthews wa New York. Tung-Sol ya asili ilikuwa ya Marekani na Mullard ilikuwa ya Uingereza, kilichobaki ni jina kwenye boksi na michoro mizuri. Hapo kuna China, na kuna kampuni ambazo hazitengenezi kitu, zinanunua, zinapima, zinapiga chapa yao. Ndo maana Machi 2022, Urusi ilipozuia baadhi ya bidhaa kutoka nchini mwao, brandi kibao zilipotea madukani wiki ileile na bei zikaruka, watu wakashangaa kumbe walikuwa wanabishania ndugu wa baba mmoja.

Mimi jozi nilizopitia kwenye Hot Rod yangu ni tatu: JJ 6L6GC, Electro-Harmonix 6L6 na Tung-Sol 5881 (5881 ni ndugu wa 6L6, inaingia soketi ileile). Mara ya kwanza nilizijaribu kijinga, nachomoa hii nachomeka ile, bayasi siigusi, napiga vipande vilevile vya sebene, simu iko juu ya stuli palepale inarekodi. Matokeo yalikuwa wazi kabisa. JJ nyembamba, kavu, nota ikielekea kufa inakwaruza. Electro-Harmonix nene, tamu, imejaa. Tung-Sol katikati. Nikaandika kwenye daftari "JJ takataka", nikazunguka nayo hiyo habari kama miezi miwili namwambia kila mtu.

Baadae nikanunua mita ya maana na kujifunza bayasi. Kwa asiyejua, bayasi ni kama sailensi ya gari, mkondo ambao valvu inapitisha ikiwa imekaa tu hujagusa gitaa. Gridi inapewa volti hasi ya kuishikilia, ukipunguza hasi mkondo unapanda na valvu inachemka, ukizidisha hasi inakuwa baridi na mlio unakuwa wa kukwaruza. Sasa Hot Rod Deluxe imekusaidia, ndani kuna pini ya kupimia imeandikwa TP30 na pembeni yake kuna kitufe cha bayasi, valvu zote mbili zinapita kwenye rizista moja ya omu 1, kwa hiyo milivolti unazosoma ndo miliampia za zote mbili kwa pamoja. Fender wanasema 60.

Nikarudisha zile jozi moja moja bila kugusa kitufe. JJ ikasoma 46. Electro-Harmonix 72. Tung-Sol 61. Nilicheka peke yangu, yani miezi miwili nimekuwa nikilinganisha gari iliyopandishwa sailensi na gari inayotaka kuzimika halafu nasema ile injini mbovu.

Nikazipanga zote kwenye 68, juu kidogo ya 60 ya Fender, kila jozi naiacha ipate moto dakika 20 halafu napima tena maana inatembea, nikarekodi upya. Mpiga dramu wetu nikamfumba macho akisie ipi ni ipi, katika mara sita kapata mbili. Mzee wetu wa besi kasikiliza mpaka mwisho kasema hizi zote kitu kimoja, we badilisha nyuzi za gitaa zina kutu. Na kweli zilikuwa na kutu.

Tofauti ipo lakini, sio kwamba haipo. JJ ileile niliyoiita takataka ndo ikawa nene kuliko zote, sauti za kati chini zinajaa mdomoni kama ugali wa dona, trebo imetulia, kwa mtu wa rizimu ni raha. Electro-Harmonix besi imebana na trebo iko wazi, ukipanda juu kwenye fret ya 12 kwa solo ya dansi kila nota inatoka imenyooka, haikanyagwi na tarumbeta. Tung-Sol 5881 inaanza kuvunjika mapema, yani mlio kuanza kukwaruza kwa kuzidiwa, kwenye 5 hivi ya volyumu ambayo mwisho wake ni 12, inavunjika kwa upole, kwa bluzi safi sana, ila kwenye 5 ya hiyo amplifaya majirani wameshakuja mlangoni.

Kitu cha kuangalia na 5881, yenyewe joto ambalo pleti inavumilia mwisho wake ni wati 23 wakati 6L6GC ni 30. Piga hesabu, pleti zangu zina volti kama 425, 60 ya Fender kwa mbili ni miliampia 30 kila moja, hiyo ni wati 12.75. Kwa 6L6GC hujafika hata nusu, kwa 5881 umeshapita 55%. Wengi huwa hawavuki 70% ikiwa imekaa, kwa hiyo 6L6GC una nafasi ya kucheza, 5881 usijichekeshe.

Halafu umeme, hapa sisi tuna mtihani ambao watu wa YouTube hawana. Amplifaya yangu ni ya volti 120, natumia transfoma ya kushusha, na inashusha kwa uwiano tu, haitulizi kitu. Siku moja nilikaa na mita kwenye soketi ya ukutani: saa nne asubuhi 231, saa moja jioni 198, saa nane usiku 246. Maana yake pleti zilizokuwa 425 asubuhi jioni zinashuka kwenye 365, usiku zinapanda 450 na ushee, na wewe bayasi umepanga asubuhi ukajiona fundi. Siku hizi naweka stabilaiza kwanza ndo transfoma. Amplifaya inakula kama wati 180, transfoma ya wati 500 inatosha na kubaki.

Kwa kesi yako mkuu, kama wekundu umehama na valvu, nunua jozi pacha, yani mbili zilizopimwa pamoja, usinunue moja ukaifunga ndoa na ile kuukuu. Kwa vile umesema unapiga solo kanisani na kwenye bendi ya hoteli mimi ningechukua Electro-Harmonix, ila ukipata JJ kwa bei nzuri usilie. Zikisafirishwa mwambie anayekuletea azibebe kwenye begi la mkononi, na akuelewe vizuri ni valvu za amplifaya, mimi niliwahi kumwagiza shemeji "tyubu mbili" akaniletea za baiskeli.

Na kwenye kupima TP30, kama hujawahi fungua amplifaya ya valvu usiifungue peke yako, kapasita zinashika volti 400 hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani. Tafuta fundi, mwambie aweke mkono mmoja mfukoni, akikuuliza kwa nini basi huyo sio fundi wako. Ukishazibadilishana tuambie wekundu umebaki wapi.